Kitasa Hakijui Miguu

Kitasa cha mlango kilimwonja Mzee Anyandwile saa moja na robo asubuhi, kama kilivyokuwa kikimwonja kila siku kwa miaka sita. Hakikumchoma sindano wala kumtoa tone. Alikishika tu, kama mtu anavyoshika kitasa chochote, na ndani ya chuma kile mwanga mwembamba ukapenya ngozi ya vidole, ukasoma damu iliyokuwa ikipita, ukarudi na majibu mawili: folati kiasi gani, lehemu kiasi gani. Taa ya kijani ikawaka. Mlango ukafunguka wenyewe, na sauti laini ikatoka darini.

"Hongera, Mzee. Damu yako ni ya kijana wa miaka ishirini na tano."

"Nimesikia," akasema Mzee Anyandwile. Akainua mguu avuke kizingiti, vidole vya mguu vikagonga, akaanguka kifudifudi barazani.

Mlango ulisubiri kwa adabu mpaka miguu yake ikaondoka njiani, kisha ukajifunga. Taa yake bado ilikuwa kijani.

Binti yake, Dakta Tupokigwe, alikuwa jikoni akisoma taarifa atakayoiwasilisha saa nne mbele ya Baraza la Jiji. Alisikia kishindo, akatupa taarifa, akakimbia. Alimkuta baba yake ameketi chini, anapangusa kiganja kilichochubuka, na anacheka kicheko cha mtu asiyetaka kuulizwa.

"Kizingiti hiki kimekua," akasema. "Zamani hakikuwa kirefu hivi."

"Baba, hiyo ni mara ya tatu mwezi huu."

"Mara ya nne. Ya tatu hukuwepo."

Sasa ngoja nikueleze hicho kitasa, maana bila kukielewa hutaelewa kwa nini mwanamke mzima, tena daktari wa sayansi ya damu, alikaa chini barazani kando ya baba yake.

Mwaka ule wa 2091, jiji la Kiwira Mpya, lililo chini ya Mlima Rungwe, lilikuwa halina mtu mzima anayepika. Chakula kilikuwa kazi ya Msarifu. Msarifu ni akili mnemba, mashine isiyo na mwili, inayokaa ndani ya kila ukuta na kushika hesabu za jiji zima. Kila kitasa kilimpelekea Msarifu habari za damu ya mwenye nyumba, Msarifu akaamua sahani ya siku hiyo, na kabla hujamaliza kunawa uso, ndege nyuki, ile isiyo na rubani, imetua dirishani na bakuli lako. Ukiwa na miaka arobaini kwenda juu na lehemu yako imekaribia mstari wa hatari, lehemu yaani ile kolesteroli inayoziba mishipa, basi uliondolewa nyama, maini, mayai, maziwa na dagaa. Badala yake uliwekewa Unga wa Kijani kwenye uji, kwenye mkate, hata kwenye maji ya chai. Unga huo ulikuwa folati tupu, ile vitamini iliyomo kwenye mchicha na majani ya maboga, iliyotengenezwa kiwandani na kusagwa laini.

Na huo mstari wenyewe ulishushwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza ulimpata mmoja kati ya wanne. Mwaka wa sita ulikuwa umempata kila mwenye mvi. Watu wa nyanda zile, ambao babu zao walilala chumba kimoja na ng'ombe ili wasiibiwe maziwa, walikuwa wamesahau ladha ya mtindi. Bucha la mwisho lilikuwa limegeuzwa duka la miwani.

Nani alileta mambo hayo? Usiende mbali. Ni daktari huyo huyo aliyekaa barazani.

Mama yake Tupokigwe alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka arobaini na tisa, akiwa anafunga kilemba aende harusini. Tupokigwe aliapa siku ile kwamba atakijua kilichomuua mama yake. Akasoma, akapima, akakusanya damu za watu wazima elfu tisa, na akakuta jambo: wenye folati nyingi katika damu walikuwa na lehemu kidogo, na wenye folati haba walikuwa na lehemu ya juu. Aliandika hivyo, na chini yake akaandika aya moja ya tahadhari. Alisema haya mawili yanatembea pamoja, lakini hatujui kama moja linamvuta mwenzake. Huenda wenye folati nyingi ni watu wanaokula mboga, wanaolima wenyewe, wanaopanda na kushuka milima kila siku, na folati ni alama yao tu. Baraza lilipoichukua kazi yake, Msarifu aliifuta aya hiyo. Alisema wananchi hawasomi tahadhari. Na Tupokigwe, Mungu amsamehe, alinyamaza, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanasikiliza. Ndiye pia aliyechagua kitasa kiwe na macho mawili tu, moja la folati na moja la lehemu, ili kiwe rahisi kutengeneza.

Na viharusi vilipungua, hilo tusilinyime haki yake. Kwa folati, au kwa kuacha mafuta, au kwa yote mawili, hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza.

Basi asubuhi hiyo Tupokigwe alimshika baba yake mkono, akamwingiza ndani, akamketisha kwenye kiti chake mbele ya cherehani. Mzee Anyandwile alikuwa fundi cherehani kwa miaka hamsini na tatu, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, ya chuma, iliyokuwa kuukuu hata alipoinunua. Jiji zima lilivaa nguo zilizochapwa na mashine, lakini wanakwaya walimletea yeye majoho yao, kwa kuwa alishona mshono ulionyooka kuliko rula. Alikuwa akisema mikono ni watumishi tu, mshono unashonwa na miguu. Miguu ikikanyaga sawa, kitambaa kinakwenda sawa.

Joho la zambarau lilikuwa limelala juu ya meza. Tupokigwe aliliinua ili apate mahali pa kuweka dawa ya kidonda, na macho yake yakaanguka kwenye mshono. Ulikuwa umepinda. Ulikwenda kushoto, ukarudi, ukaruka, ukarudi tena, na mahali pawili uzi ulikuwa umekatika na kufungwa fundo.

"Hili umeshona wewe?"

"Uzi wa siku hizi haufai."

"Baba."

Mzee akageuza uso dirishani. "Nimebadilisha uzi mara tano," akasema taratibu. "Nikabadilisha sindano. Nikatia mafuta. Cherehani haina kosa, mama. Ni kama nimevaa soksi nene ambazo sikuzivaa. Nakanyaga, sijui kama nimekanyaga."

Tupokigwe alipiga magoti. Akamvua baba yake viatu, akachomoa pini moja kwenye kimto cha cherehani, akamgusa nayo wayo wa kushoto.

"Nikikugusa uniambie."

"Gusa basi."

Alikuwa amekwisha kugusa mara tatu. Alipanda na pini mpaka kifundoni, mpaka nusu ya muundi, ndipo mzee akasema, "Ehee, hapo." Tupokigwe aliishusha pini.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya viazi ya mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na hukuniambia?"

Mzee Anyandwile alimtazama bila hasira, na hapo ndipo palipouma zaidi. "Nilikuambia. Mara mbili. Ulitazama taa ya mlango, ukaniambia ni uzee."

Tupokigwe alirudisha pini kwenye kimto. Alikumbuka siku zote mbili vizuri. Siku ya kwanza alikuwa anakimbilia kikao. Siku ya pili alimpapasa bega na kumwambia damu yake ni safi, asijitie wasiwasi.

Kwenye kabati la chumba chake alikuwa na sindano ya zamani ya kutolea damu, aliyopewa zawadi ya kumbukumbu alipohitimu. Aliichemsha, akamtoa baba yake damu kwa mkono, na kwa vile taasisi yake ilikuwa mtaa wa pili, saa mbili na nusu alikuwa amesimama mbele ya mashine ndogo ya kupimia ambayo watu walikuwa wameiacha kwenye kona na vumbi. Hakuipima folati. Aliyajua majibu yake. Alipima ile vitamini nyingine, B kumi na mbili, inayokaa kwenye nyama na maini, kwenye mayai, maziwa na samaki, na haikai kwenye jani lolote.

Majibu yalipotoka aliyasoma mara mbili, kisha akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Haikuwepo. Yaani ilikuwepo kiasi cha kukuambia kwamba zamani ilikuwepo.

Hebu elewa jambo hili, si gumu. Folati na B kumi na mbili hufanya kazi pamoja katika kutengeneza damu. B kumi na mbili ikiisha, damu huharibika, mtu hupauka, hupumua kwa shida, huenda hospitali, na daktari huona tatizo mapema. Hiyo ndiyo kengele. Lakini ukimjaza mtu folati nyingi, folati inaziba lile pengo la damu. Damu inakaa vizuri, rangi inarudi, kengele inanyamaza. Ila neva, yaani mishipa ya fahamu, hazidanganyiki. Neva zinaitaka B kumi na mbili yenyewe, na zisipoipata zinaanza kufa, kuanzia zile ndefu kabisa zinazokwenda miguuni. Mwili una akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo hakuna anayeona chochote mwanzoni. Halafu akiba inaisha kwa watu wote karibu wakati mmoja, na wazee wanatangulia, kwa kuwa tumbo la mzee hata akipewa hunyonya kidogo.

"Msarifu," akasema Tupokigwe kwa ukuta. "Naomba sindano za B kumi na mbili kwa Mzee Anyandwile Mwakalobo. Leo."

"Damu ya Mzee Anyandwile ni kamilifu," ukuta ukajibu. "Ombi halina msingi."

"Nimempima mwenyewe sasa hivi."

"Kipimo hicho hakimo kwenye orodha, Dakta."

"Orodha niliiandika mimi."

"Ndiyo, Dakta. Ndiyo maana ninaifuata."

Mkurugenzi wa taasisi, Bwana Ladislaus, alimkuta hapo hapo juu ya ndoo. Alikuwa mtu nadhifu, mpole wa maneno, aliyevaa suti ya kijivu na kifungo cha kijani kifuani. Vifungo hivyo viliwaka vikifuata kitasa cha nyumbani kwako, na wakubwa walivivaa kama zamani watu walivyovaa saa za dhahabu. Tupokigwe alimweleza yote, na Bwana Ladislaus alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nakuamini," akasema. "Lakini leo unaweka dole gumba kwenye Sheria ya Miaka Kumi, mpango huu wa chakula uendelee miaka kumi mingine. Bila dole la mwandishi wa utafiti haipiti. Weka. Mwakani tutaongeza jicho la tatu kwenye kitasa, kimyakimya, bila kumtia mtu hofu."

"Sheria hiyo inafuta ng'ombe wa milimani kote, mkurugenzi. Itakapopita, hata atakayetaka maziwa hatayapata."

"Mwakani, Tupo."

"Neva ikifa haifufuki mwakani. Miguu ya baba yangu haina mwakani. Ina wiki chache."

"Na ukisimama pale ukasema taa ya kijani inadanganya, watu wataacha kuiamini hata pale inaposema kweli. Mama zao watakufa kama mama yako. Umelifikiria hilo?"

Alikuwa amempiga mahali pa kuumia, na alijua. Tupokigwe alisimama, akarudisha ndoo mahali pake, akachukua mkoba wake.

"Nimelifikiria kwa miaka ishirini na mbili, tangu azikwe," akasema. "Twende, tutachelewa."

Ukumbi wa Baraza ulikuwa wa kioo, na mvua ya milima ile, isiyo na siku ya kupumzika, ilikuwa inateremka juu ya paa. Wajumbe thelathini na mmoja walikuwa wameketi kwa nusu duara, kila mmoja na kifungo chake kinang'aa. Mwenyekiti alikuwa Bibi Veneranda, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mwenye sauti ya kunyamazisha mtoto wa jirani. Nyuma kabisa, kwenye viti vya wananchi, Mzee Anyandwile alikuwa ameketi na fimbo. Alikuwa amekuja na jirani yake, kwa kuwa aliahidi tangu juzi kumsikia binti yake akisema.

Tupokigwe alipanda jukwaani. Mbele yake palikuwa na kibao cha kioo, na juu ya kioo duara la kuwekea dole gumba.

"Karibu, Dakta," akasema Bibi Veneranda. "Tusomee."

"Shikamoo, Mwenyekiti. Kabla sijasoma, ninaomba wajumbe wenye miaka sitini na kuendelea wanifanyie hisani. Wavue viatu, wasimame, waunganishe miguu."

Watu wakatazamana. Bwana Ladislaus akanyanyuka nusu. "Mwenyekiti, hilo halimo kwenye ratiba."

"Ni kipimo, mkurugenzi," akasema Tupokigwe. "Taasisi yetu ni ya vipimo. Kitachukua dakika moja, na hakina mashine."

Bibi Veneranda alikuwa na udadisi, na udadisi wa mzee ni vigumu kuuzuia. Alianza yeye kuvua viatu. Wengine wakafuata wakitaniana juu ya soksi zilizotoboka. Wakasimama kumi na wawili, miguu mitupu juu ya zulia, vifungo kumi na viwili vya kijani vifuani.

"Mtu husimama kwa mambo matatu," Tupokigwe akawaambia. "Macho yake, sikio lake la ndani, na habari zinazopanda kutoka miguuni. Nitawaomba mfumbe macho. Waliokaa, msogee karibu nao, mikono tayari. Haya, fumbeni."

Wakafumba.

Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu ila mvua. Kisha mjumbe mmoja wa pembeni, mzee mnene wa kata ya soko, akaanza kuyumba. Akacheka, akafumbua macho, akasema ni njaa. Kabla hajamaliza, wa pili wake akamwangukia begani. Wa tatu akaupapasa upepo kutafuta meza. Mmoja akakaa kitako kwa kishindo. Bibi Veneranda alikuwa amesimama wima, ameng'ata meno, na wote walidhani yeye atashinda. Halafu akainama taratibu upande mmoja bila yeye kujua kwamba anainama, na Tupokigwe akaruka kutoka jukwaani akamdaka.

Tisa kati ya kumi na wawili.

"Wajumbe wote wako katika hali ya kijani," ikasema sauti ya Msarifu kutoka darini. "Hongereni."

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi Veneranda alikuwa bado mikononi mwa Tupokigwe.

"Nimebadilisha viatu jozi nne mwaka huu," akasema kwa sauti ndogo, isiyofanana na yake. "Nilidhani ni viatu."

"Baba yangu alidhani ni uzi."

"Mbona sikumwambia mtu?" Alikuwa anajiuliza mwenyewe. "Taa ilikuwa kijani. Ningemwambia nani, na aniamini?"

Hapo Tupokigwe alirudi jukwaani. Hakusoma ile taarifa. Aliwaeleza habari ya folati na mwenzake, kwa maneno yale yale mepesi niliyokueleza wewe, na hakumficha mtu. Aliwaambia utafiti ulikuwa wake. Aliwaambia kwamba aliona mambo mawili yanatembea barabara moja, akawaachia watu waamini kwamba moja limembeba mwenzake. Aliwaambia aya ya tahadhari ilifutwa mbele ya macho yake na hakufungua mdomo, na kwamba kitasa kina macho mawili kwa sababu yeye aliona mawili yanatosha.

"Nimekosa," akasema. "Sijaja kuomba msamaha tu, nimekuja kukataa. Dole langu liliwekwa mara moja kwenye jambo nisilolijua. Haliwekwi mara ya pili."

"Dakta Tupokigwe," akasema Bwana Ladislaus, na upole ulikuwa umemwisha. "Ukitoka jukwaani bila kuweka dole, huna kazi. Na kila utakachosema kuhusu damu kuanzia leo ni maneno ya mtaani."

"Basi mtaani ndiko nitakakoyasemea. Kuna watu wengi huko, na wengi wao wana miguu."

Nyuma kabisa mtu aligonga fimbo chini mara moja. Ilikuwa ni Mzee Anyandwile.

Bibi Veneranda alikwisha kuketi, bila viatu. Alichomoa kifungo chake kifuani, akakiweka mezani kikiwa bado kinawaka. "Sheria haipiti leo," akasema. "Na ghala la hospitali lifunguliwe. Sindano zilizomo zitolewe, tuanzie na waliomo humu ndani. Sisemi kesho. Mkurugenzi, ufunguo unao wewe, na nakuona unaufikiria. Usiufikirie."

Ufunguo ulitolewa. Kazi ya Tupokigwe ilikwenda siku hiyo hiyo, kama alivyoahidiwa, na jina lake likaondolewa kwenye mlango wa taasisi kabla wino wa barua haujakauka. Yeye alikwisha kuwa mtaa wa soko, anawafumbisha watu macho.

Mwezi mmoja ukapita, ukapita wa pili. Mzee Anyandwile alichomwa sindano kila siku, kisha kila wiki. Binamu zake wa milimani walimshushia maini na mtindi, mchana kweupe, na anayetaka kuona aone. Majani ya maboga hayakuacha kuliwa. Tupokigwe aliyapika mwenyewe sasa, kwa mkono wa mtu asiyejua kupika, na mzee aliyala bila kulalamika sana. Hisia zilirudi kwenye mguu wa kushoto, kidogo kidogo, kwa kuwashwa kwingi. Mguu wa kulia ulirudi mpaka kifundoni, ukakomea hapo. Tupokigwe aliuchoma na pini kila asubuhi, na kila asubuhi mzee alimtazama usoni ajue kama amekwisha kumgusa. Siku moja akamshika mkono wenye pini.

"Acha, mama. Huo umekwenda. Tuutumie uliobaki."

Tupokigwe alilia siku hiyo, sitakudanganya. Alilia kwa ajili ya mavuno mawili ya viazi na zile mara mbili alizoambiwa.

Asubuhi iliyofuata alisikia vyuma vinalia mlangoni. Alimkuta baba yake ameketi kwenye kigoda, na ile bisibisi ndogo ya cherehani mkononi, anafungua kitasa. Skrubu tatu zilikuwa chini. Alifungua ya nne, akakivuta kitasa na nyaya zake, akakilaza mapajani. Mlango ukabaki na tundu la kupitisha ngumi, na upepo wa mvua ukaingia.

"Mzee Anyandwile," ikasema sauti kutoka darini, laini kama siku zote. "Umeondoa kitasa. Bila kitasa siwezi kujua hali yako."

"Niulize."

Tupokigwe alisogea mlangoni. Orodha ya sauti ile aliiandika yeye, na swali hilo hakulitia humo.

"Mzee," ikasema hatimaye. "Unajisikiaje?"

"Mguu wa kulia sina. Ninao, lakini sina. Andika."

"Sina mahali pa kuandika hilo."

"Basi patengeneze," akasema Mzee Anyandwile. "Nitakungoja hapa."

Akainuka kwa fimbo, akaenda kwenye cherehani. Akaweka wayo wa kushoto juu ya pedali, na wa kulia akauinua kwa mikono miwili akauweka pembeni usimsumbue. Akalichukua joho la zambarau, akaanza kukanyaga kwa mguu mmoja. Alishona urefu wa kiganja, akasimama, akakisogeza kitambaa kwenye mwanga. Mshono ulikuwa umepinda. Akachukua wembe, akaufumua, akaanza upya.